Gesi Isiyomdhuru Mtu

Aprili 1930, kwenye mkutano wa Chama cha Wanakemia wa Marekani mjini Atlanta, mhandisi aitwaye Thomas Midgley alisimama mbele ya wenzake akiwa na gesi mpya. Akaivuta hadi kifua kikajaa, kisha akaipuliza juu ya mshumaa uliokuwa ukiwaka. Mshumaa ukazimika. Yeye akabaki wima. Waliokuwa ukumbini wakawa wamejionea kwa macho kwamba gesi ile haina sumu ya kumwangusha mtu, na wala haishiki moto.

Yote mawili yalikuwa kweli, na hadi leo ni kweli. Pale Atlanta hapakusemwa uongo, na hapo ndipo ugumu wa kisa cha Midgley unapoanza. Tapeli ni rahisi kumhukumu. Kazi ipo kwa mtu aliyefanya jaribio la kweli, akapata jibu la kweli, na bado akaiachia dunia balaa ambalo wajukuu wa wajukuu zake watakuwa bado wanaliuguza.

Midgley alizaliwa mwaka 1889 huko Beaver Falls, Pennsylvania, akakulia Columbus, Ohio, mtoto wa mvumbuzi. Alisomea uhandisi wa mitambo katika Chuo Kikuu cha Cornell, akamaliza 1911. Kemia, ambayo ndiyo iliyokuja kumpa jina, aliiokota kazini, nusu kwa kusoma na nusu kwa kujaribu. Mwaka 1916 aliingia kwenye maabara ya Charles Kettering mjini Dayton, ambayo muda si mrefu ikawa mali ya General Motors, na Kettering akamkabidhi tatizo moja: injini zinazogonga.

Dereva aliyewahi kupandisha mlima kwa petroli mbaya anaujua mlio wenyewe, kama misumari inayotikiswa ndani ya kopo. Mchanganyiko wa petroli na hewa unalipuka wenyewe kabla moto wa plagi haujaufikia. Nguvu inapotea, pistoni inaumia. Midgley na wenzake walitia ndani ya petroli karibu kila walichoweza kukipata. Iodini ilisaidia, lakini ilikuwa ghali na ikala vyuma. Anilini ilisaidia, ikanuka. Teluri ilisaidia zaidi, ila ilimwachia aliyeishika harufu ya kitunguu saumu isiyotoka kwa sabuni wala kwa kubadili nguo. Tarehe 9 Desemba 1921 wakafika kwenye tetraethili ya risasi, kimiminika ambacho mwanakemia wa Kijerumani alikuwa amekitengeneza tangu miaka ya 1850 na ambacho hakuna aliyekuwa amekipatia kazi ya maana. Chini ya kijiko cha chai kwa galoni nzima, na injini ikanyamaza.

Palikuwa na njia nyingine, na Midgley aliijua. Spiriti inayotokana na mahindi, viazi au miwa nayo huzuia injini kugonga, na yeye mwenyewe alikuwa ameiendeshea gari mwaka uleule wa 1921. (Kenya nayo iliwahi kupita njia hiyo: miaka ya 1980 kiwanda cha Muhoroni kilitoa spiriti kutoka kwenye molasi ya miwa, ikachanganywa na petroli.) Lakini spiriti ilikuwa na kasoro isiyohusu injini hata kidogo. Mkulima yeyote mwenye pipa na kuni anaweza kuipika, kwa hiyo hakuna kampuni inayoweza kuimiliki. Matumizi ya tetraethili ya risasi yaliweza kukatiwa hataza. Kampuni ikauita mchanganyiko wake Ethyl, jina lisilotaja risasi popote, na Februari 1923 ukaanza kuuzwa kwenye kituo cha mafuta mjini Dayton.

Majira hayohayo ya baridi Midgley alikuwa mgonjwa. Aliahirisha hotuba zake, akaeleza kwa barua kwamba mwaka mmoja wa kushughulika na risasi umemdhuru mapafu, akaenda Florida kutafuta hewa safi. Kwamba risasi ni sumu halikuwa jambo jipya. Matabibu wa Ugiriki na Roma ya kale walishaliandika. Na walioteseka zaidi hawakuwa na Florida ya kukimbilia. Oktoba 1924, kwenye kiwanda cha Standard Oil cha Bayway, New Jersey, vibarua walianza kuona visivyokuwepo, wakapiga mayowe, wakapambana na wenzao. Wengine ilibidi wafungwe mikono ndipo wafikishwe hospitali. Watano walikufa na zaidi ya 30 wakalazwa. Kwenye kiwanda kingine cha Deepwater, jimbo hilohilo, wafanyakazi waliliita jengo lao Nyumba ya Vipepeo, kwa sababu mtu aliyeanza kuathirika alionekana akipunga mikono hewani kufukuza wadudu ambao hakuna mwingine aliyewaona.

Tarehe 30 Oktoba 1924 Midgley aliletwa mbele ya waandishi wa habari mjini New York. Akajimiminia kimiminika kile mikononi. Akaiweka chupa puani, akanusa kwa sekunde 60. Akawaambia kwamba angeweza kufanya hivyo kila siku asidhurike.

Huyu wa New York sina neno la kumtetea. Alikuwa ametoka kuugua sumu hiyohiyo mwaka mmoja na nusu nyuma, na alijua kwamba risasi haimwangushi mtu mzima papo hapo mbele ya kamera; kazi yake ni kujikusanya mwilini, kidogo kidogo, miezi na miaka. Alichagua jaribio ambalo alijua atalifaulu. Waandishi waliona mtu mzima wa afya akinawa sumu na kutabasamu, na aliyekuwa na shaka ikawa juu yake sasa kueleza kwa nini anashindana na alichokiona kwa macho.

Wapo waliojaribu. Mei 1925 serikali ya Marekani iliitisha mkutano Washington, na Alice Hamilton, daktari wa magonjwa ya viwandani kutoka Harvard, alisema wazi kwamba palipo na risasi, mapema au baadaye patatokea kudhurika. Mauzo yakasimama kwa muda. Kamati ikaundwa, kwa miezi michache ikachunguza madereva na mafundi wa gereji, haikuona sababu ya kupiga marufuku, na petroli ya Ethyl ikarudi sokoni. Kamati ilipendekeza uchunguzi uendelee. Kwa miongo kadhaa, aliyeendelea kuchunguza kwa kiasi kikubwa alikuwa mwenye kuuza.

Afrika kusini mwa Sahara iliachana na petroli yenye risasi mwishoni mwa 2005, kufuatia makubaliano ya Dakar ya Juni 2001. Hesabu mwenyewe: aliyekuwa mtoto Nairobi, Dar es Salaam au Kampala miaka ya 1980 na 1990, akisubiri basi kando ya barabara, aliivuta kila siku ya shule. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu ya mtoto kinachojulikana kuwa salama. Inakula akili kwanza, kabla ya kuonekana popote pengine. Algeria ilikuwa nchi ya mwisho duniani kuacha kuiuza kwa magari, Julai 2021. Miaka 98 baada ya Dayton.

Nimeanza na risasi kwa makusudi, kwa sababu wasimuliaji wengi huyatia makosa mawili ya Midgley kwenye kapu moja, wakapata mwovu mmoja wa kumzomea. Hayafanani. Risasi aliijua. Ile gesi ya Atlanta hakuijua, na hakuna mtu mwingine duniani aliyeijua.

Friji za miaka ya 1920 zilikuwa za kuogopwa. Ili ndani pawe baridi, lazima pawe na kitu kinachozunguka kwenye mirija, kikigeuka kutoka kimiminika kuwa gesi na kurudi tena, kikibeba joto la chakula na kulitupa nje. Vitu vilivyotumika wakati huo vilikuwa amonia, dioksidi ya salfa na kloridi ya methili. Mbili za kwanza zina heri moja: zikivuja, pua inajua, na mtu anakimbia. Kloridi ya methili karibu haina harufu. Ikivuja usiku, familia inalala na haiamki, na mwaka 1929 watu kadhaa mjini Chicago walikufa hivyo. Wapo waliokuwa wakiliweka friji nje, kwenye ukumbi wa nyuma, kwa kuogopa kulala nalo nyumba moja. Frigidaire, kampuni kubwa ya friji, ilikuwa tawi la General Motors. Kwa hiyo Kettering akamgeukia Midgley tena.

Pamoja na Albert Henne na Robert McNary, Midgley alikaa na jedwali la elementi akipunguza moja baada ya nyingine. Zile zisizotoa gesi, nje. Zile zisizotulia, nje. Zile zenye sumu, nje. Zilizobaki zikawapeleka kwenye florini, elementi ambayo kila mwanakemia aliiogopa kwa ukali wake. Wazo lao, ambalo kwa haki lilikuwa la ujasiri, ni kwamba florini ikishikamana barabara na kaboni itanyamaza: haitaungua, haitaoza, haitagusa kitu. Walichokitafuta ni mchanganyiko wa kaboni, klorini na florini, jamii ya vitu ambayo Mbelgiji Frédéric Swarts alikuwa ameshaifungulia njia miaka ya 1890.

Hapa pana tukio ambalo Midgley mwenyewe alilisimulia baadaye, na ambalo kwangu lina uzito kuliko mshumaa wa Atlanta. Ili kutengeneza gesi walihitaji trifloridi ya antimoni, chumvi ambayo haikuwa na soko. Zilipatikana chupa 5 za aunsi moja moja, karibu zote zilizokuwepo nchini. Wakachukua moja bila kuchagua, wakatengeneza gramu chache za gesi, wakaiingiza kwenye bilauri kubwa iliyofunikwa juu ya simbilisi, yule mnyama mdogo wa jamii ya panya asiye na mkia anayefugwa maabara. Daktari aliyesimamia alitarajia simbilisi afe. Hakufa. Hakuonekana hata kukerwa.

Wakafungua chupa ya pili, wakatengeneza tena, wakamwekea simbilisi. Huyu akafa.

Waliporudia walinusa kwanza, wakaitambua fosjini, gesi iliyoua askari kwenye mahandaki ya Vita Kuu ya Kwanza. Ikaonekana kwamba chupa 4 kati ya zile 5 zilikuwa zimechafuka kwa chumvi nyingine yenye maji, na maji hayo ndiyo yaliyozaa fosjini wakati wa kutengeneza. Kuiosha gesi kwa magadi makali kulitosha kuiondoa. Ni ile ya kwanza tu, waliyoichukua bila kuchagua, iliyokuwa safi. Midgley alijiuliza baadaye kama wangekuwa na moyo wa kuendelea endapo simbilisi wa kwanza ndiye angekufa. Nafasi ilikuwa moja kwa tano.

Wengi wanaposikia habari hii hushangaa bahati. Mimi naangalia swali lenyewe. Simbilisi aliulizwa jambo moja: unakufa sasa hivi? Akajibu hapana, kwa uaminifu. Hapakuwa na jaribio la kuuliza gesi hiyo ikitoka chini ya bilauri inakwenda wapi, na inakaa huko kwa muda gani. Kwamba haiozi, haiungui, haiyeyuki kwenye maji na haigusi kitu, mambo ambayo yangepaswa kumfanya mtu aulize inaishia wapi, yote yaliandikwa upande wa sifa. Na ni kweli zilikuwa sifa. Ndani ya friji.

General Motors na DuPont wakaanzisha kampuni ya pamoja mwaka 1930, bidhaa ikaitwa Freon. Mafundi wetu wa zamani wanaijua kwa namba yake, R-12. Friji likaingia jikoni bila hofu. Nyama, maziwa na dawa za hospitali vikahifadhiwa na watu ambao hawakuhitaji tena kulala na dirisha wazi. Mtu akisema Midgley hakuokoa maisha ya yeyote, anasema asilolijua.

Kama gesi ingebaki kwenye mirija iliyofungwa, pengine habari ingekuwa ndogo. Vita Kuu ya Pili ndiyo iliyoitoa. Wanajeshi wa Marekani walikuwa wakiangushwa na malaria huko Pasifiki, na watafiti wawili wa wizara ya kilimo, Lyle Goodhue na William Sullivan, wakatengeneza kopo la chuma lenye dawa ya mbu pamoja na Freon ya kuisukuma. Fungua kilango, ukungu unajaa hema, mbu wanakufa, askari anaendelea kulala. Vita vilipokwisha kopo likarudi na askari nyumbani. Mwaka 1953 Robert Abplanalp akapata hataza ya kilango cha bei nafuu cha kubonyeza kwa kidole, na kuanzia hapo hapakuwa na kitu ambacho watu hawakukitia ndani ya kopo: dawa ya nywele, manukato ya kwapa, rangi, dawa ya nzi, ving'arishio vya samani.

Friji hutunza gesi yake. Ikivuja, mwenye nalo anahesabu hasara na kumwita fundi. Kopo limeundwa liachie. Kila mara mama wa Ohio alipopuliza nywele zake, kilichozishika nywele kilibaki kichwani na kilichokisukuma kilikwenda zake juu. Kufika miaka ya 1970 viwanda duniani vilikuwa vikitoa mamia ya maelfu ya tani za gesi za jamii hiyo kila mwaka, na nyingi ziliishia hewani kupitia kidole cha mtu aliyekuwa akijipamba.

Midgley hakuyaona hayo. Mwaka 1940, akiwa na miaka 51, alipata polio, akapooza. Kwa kuwa hakuweza kukaa bila kubuni, alijitengenezea mtambo wa kamba na roda za kumwinua kitandani, na tarehe 2 Novemba 1944 alikutwa amenyongwa na kamba hizo. Wapo wasemao ilikuwa ajali na wapo wasemao alijiua. Mwaka huo alikuwa rais wa Chama cha Wanakemia wa Marekani. Alikufa na hataza zaidi ya 100 na medali kubwa karibu zote za fani yake, ikiwemo Medali ya Priestley. Wasimuliaji wanaipenda mno kamba ile, kwamba mvumbuzi kauawa na uvumbuzi wake. Mimi naiona haina la kufundisha. Polio si malipo ya dhambi, na waliokufa Bayway hawakufufuliwa na kifo chake. Lililo la kufikirika zaidi ni kwamba alizikwa na sifa zote, na waliompa sifa hizo walikuwa watu makini.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Mwingereza James Lovelock, akiwa na kifaa alichokibuni mwenyewe, alipima hewa juu ya Bahari ya Atlantiki, kaskazini hadi kusini, akakuta gesi za jamii hiyo kila alikopima, hata mbali na kiwanda chochote. Yeye hakuona hatari ndani yake. Waliouliza swali lililokuwa halijaulizwa tangu 1930 ni Sherwood Rowland na kijana wa Meksiko, Mario Molina, katika Chuo Kikuu cha California cha Irvine: kitu kisichooza huku chini kinaishia wapi? Jibu walilichapisha Juni 1974. Kinapanda. Mvua haikioshi, udongo haukinywi, kwa hiyo kinapanda miaka na miaka mpaka kilomita 20, 30 juu, ambako mwanga wa jua ni mkali kiasi cha kukivunja. Hapo klorini inafunguka, na chembe moja ya klorini inaweza kuharibu ozoni hadi mara 100,000 kabla haijadhibitiwa. Ozoni ndiyo inayotukinga na mionzi mikali ya jua inayounguza ngozi, kutia macho mtoto wa jicho na kudumaza mimea. Gesi ya R-12 ikishatoka, hukaa angani karibu miaka 100.

Viwanda vilipinga kwa zaidi ya miaka kumi. Hoja yao ilikuwa ni ileile ya Atlanta kwa maneno mengine: tuonyesheni aliyedhurika. Marekani ilipiga marufuku makopo mengi ya gesi hizo mwaka 1978, lakini friji na viyoyozi vikaendelea. Kisha Mei 1985 Waingereza watatu wa kituo cha Halley huko Antaktika, Joe Farman, Brian Gardiner na Jonathan Shanklin, wakachapisha vipimo vyao. Kila majira ya kuchipua ya kusini, ozoni juu ya vichwa vyao ilikuwa ikipungua vibaya kuliko nadharia yoyote ilivyokuwa imetabiri. Kifaa chao kilikuwa cha kizamani, cha kuelekeza juani kwa mkono. Setilaiti ya Marekani ilikuwa imepita juu ya upungufu huohuo, lakini programu ya kompyuta ilizitia alama ya shaka namba ndogo namna ile, zikabaki zimewekwa kando.

Kilichofuata ni sehemu ya kisa inayotuhusu moja kwa moja, na ambayo vijana wetu wengi hawaijui. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lina makao yake Gigiri, Nairobi, na mkurugenzi wake wakati huo alikuwa Mmisri, Mostafa Tolba, mwanasayansi wa mimea aliyejua kuwafungia mabalozi ndani mpaka wakubaliane. Mkataba wa Vienna wa kulinda ozoni ulikuwa umeshatiwa saini mapema 1985, na Itifaki ya Montreal ikafuata tarehe 16 Septemba 1987. Sekretarieti ya ozoni iko Nairobi hadi leo. Machi 1988 DuPont ikatangaza kwamba itaacha kutengeneza gesi hizo. Nchi zinazoendelea zilipewa muda zaidi na mfuko wa fedha wa kuzisaidia kubadili viwanda, na mwaka 2010 ndio ukawa mwisho wao. Hakuna nchi iliyobaki nje ya itifaki hiyo. Wanasayansi wanatarajia tundu la Antaktika litajaza upya karibu na mwaka 2066, itifaki ikiheshimiwa.

Kwa ukweli, sisi tulio karibu na Ikweta tabaka letu halikupungua sana. Waliotishiwa zaidi ni wa kusini ya mbali na kaskazini ya mbali. Lakini gesi hizo zina mkono wa pili. Kilo moja ya R-12 hupasha dunia joto takribani mara 10,000 kuliko kilo moja ya hewa ya ukaa, na joto haliangalii latitudo. Kibaya zaidi, gesi iliyoletwa kuchukua nafasi yake kwenye friji, R-134a, haiigusi ozoni lakini nayo hupasha, zaidi ya mara 1,000 kuliko hewa ya ukaa. Ikabidi nchi zikutane tena, safari hii Kigali, Oktoba 2016, ili kuipunguza nayo. Mara mbili sasa tumepokea gesi iliyofaulu mtihani wa siku yake.

Friji nyingi mpya zinatumia R-600a, ambayo ni isobyuteni, ndugu wa gesi ya kupikia. Inashika moto. Yaani tumerudi kwa hiari kwenye hatari ambayo Midgley alisifiwa kwa kuiondoa, ila sasa ni gramu chache ndani ya mirija imara, na fundi aliyefunzwa anajua asiwashe mwali karibu nayo. Naona ni biashara ya haki. Hatari iliyo jikoni kwangu naweza kuilinda mwenyewe, bila kumwachia mtu wa mwaka 2066.

Shida yetu iko kwenye friji la mtumba na kwenye karakana. Fundi akiletewa friji lisilogandisha, mara nyingi hushika koleo, akakata ule mrija mwembamba ulio karibu na kompresa, gesi ikapiga mluzi sekunde chache, ikaisha. Kisha anachomelea, anajaza mpya, anakutoza ya gesi. Ile ya zamani hakuna anayeiuliza, maana haina harufu na haikumdhuru mtu chumbani. Mashine ya kuinyonya na kuitia kwenye mtungi ipo, na mafundi waliopitia mafunzo ya ozoni katika nchi zetu wameonyeshwa namna ya kuitumia. Wengi hawana ya kwao kwa sababu hakuna mteja aliyewahi kuwalipa kwa kazi hiyo.

Basi kabla hujamwita, zunguka nyuma ya friji lako usome kibandiko kilicho juu au kando ya kompresa. Kikisema R-12, au R-134a, mwambie fundi aje na mtungi. Akisema hana, tafuta mwenye nao, na akikuongezea bei kidogo kwa kazi hiyo, mlipe.